Herufi moja, kazi tano: kwa mnaoanza kuandika zana za hifadhidata

Ndugu mnaoingia kwenye kazi ya kusimamia hifadhidata, mapema sana mtajikuta mnaandika zana zenu wenyewe. Itaanza skripti ya kuchukua nakala rudufu usiku, itafuata ya kusafisha majedwali, kisha ya kuhamisha data kutoka seva hii kwenda ile. Kila moja itahitaji kuambiwa iunganishwe wapi, kwa jina la nani, na ifanye nini. Hapo ndipo utakapochagua herufi za machaguo yake, yaani alama kama -f zinazoandikwa baada ya jina la amri, na nakuomba uzichague kwa uangalifu uleule unaotumia kupanga majedwali. Mkono ukishazoea amri, hauulizi tena kichwa. Anayeandika amri saa nane usiku huku seva imekwama hasomi mwongozo. Anaandika kile ambacho vidole vyake vimezoea kwenye zana nyingine. Chaguo lenye maana tofauti kwenye zana yako litamponza mtu huyo, na linaweza kuondoka na data.

Chukua herufi f. Tuanze na zana za PostgreSQL. Ukiandika psql -f, kwenye zana ya kuendeshea amri za SQL, unataja faili la SQL litakalosomwa. Ukiandika pg_dump -f, kwenye zana ya kuchukua nakala rudufu, unataja faili litakaloandikwa. Ukiandika vacuumdb -f, kwenye zana ya kusafisha majedwali, hakuna faili kabisa: umeagiza VACUUM FULL, ambayo huandika jedwali upya lote na kulifunga kiasi kwamba hata SELECT husubiri hadi imalize. dropdb -f, tangu toleo la 13 la PostgreSQL, hukata miunganisho ya waliomo ndani ya hifadhidata ili ifutwe. Kwa upande wa MySQL, mfumo mwingine wa hifadhidata, mysql -f maana yake endelea hata SQL ikileta makosa. Kazi tano, na nne kati yake zimo ndani ya mradi mmoja. Ukitazama majina marefu unaona chanzo: --file, --full, --force. Yote yanaanza na f, na kila zana ilipoandikwa herufi hiyo ilikuwa huru ndani ya zana hiyo. Tatizo huzaliwa hivyo hivyo kwenye timu zenu: kila mwandishi anaangalia zana yake peke yake.

Mfano unaofundisha kuliko yote, kwa maoni yangu, ni wa -d kwenye pg_dump. Zana nyingi za PostgreSQL zinazounganishwa na seva hutumia -d kutaja jina la hifadhidata. Kwenye pg_dump ya zamani, -d ilikuwa na kazi nyingine: ilimaanisha toa data kwa sentensi za INSERT badala ya COPY, amri inayoingiza safu nyingi kwa pamoja, na haikuchukua neno lolote baada yake. Sasa fikiria mtu aliyezoea psql anaandika:

pg_dump -d mauzo > mauzo.sql

Amri ilifanya kazi. -d ilisomwa kama ombi la INSERT, na neno mauzo likachukuliwa kuwa jina la hifadhidata kwa sababu pg_dump hukubali jina hilo likiwa peke yake mwishoni. Hakuna kosa lililoonyeshwa, faili lilitoka, data yote ilikuwemo. Gharama ilijitokeza siku ya kurudisha: INSERT ya safu moja moja ni polepole sana kuliko COPY, na siku ya kurudisha nakala ndiyo siku usiyokuwa na muda. Mtu angeweza kuishi na kosa hilo kwa miaka bila kulijua.

Angalia walivyolitatua, maana hatua zenyewe zinafaa kuigwa. Mwaka 2009, katika toleo la 8.4, waliiondoa -d pamoja na -D, wakieleza wazi kwamba watu waliichanganya mno na chaguo la jina la hifadhidata la zana nyingine. Kazi yenyewe haikupotea, ilibaki kwa majina marefu, --inserts na --column-inserts. Kisha herufi ikaachwa bila kazi. Kwa miaka hiyo, skripti ya zamani yenye -d ilikataliwa kwa ujumbe wa kosa, na mwenye skripti akalazimika kuitazama. Mwaka 2013, toleo la 9.3 likairudisha -d, safari hii kwa maana ya jina la hifadhidata kama kwenye zana nyingine. Wangebadilisha maana kwa mkupuo mmoja, skripti zilizokusudia INSERT zingeanza kufanya jambo jingine kimyakimya. Kwa hiyo ukitaka kubadilisha maana ya herufi kwenye zana yako, usiihamishe moja kwa moja. Iondoe, iache ilete kosa kwa muda wa kutosha, ndipo uipe kazi mpya.

Tukija kwenye machaguo ya kuunganisha, hayo ndiyo ya kwanza kulindwa, kwa sababu yanarudiwa kwenye kila amri. Kwa PostgreSQL, -h ni seva, -p ni poti, -U ni mtumiaji, -d ni hifadhidata. Kwa MySQL, -h ni seva vilevile, lakini -u ni ndogo, poti ni -P kubwa, na -p ndogo ni nywila. Kwa sqlcmd ya SQL Server, seva ni -S na nywila ni -P kubwa. Kwa redis-cli, poti ni -p na nywila ni -a. Aliyetoka PostgreSQL akiandika

mysql -h seva1 -u meneja -p3307

hajataja poti. Ametuma 3307 kama nywila kwenye poti ya kawaida, 3306, kisha anajibiwa kwamba hana ruhusa. Ataanza kukagua ruhusa za mtumiaji wakati ruhusa hazina shida yoyote. Na akiacha nafasi, -p 3307, ataulizwa nywila na 3307 itachukuliwa kuwa jina la hifadhidata. (Hii pia ndiyo sababu -h haiwezi kuwa msaada kwenye zana hizi za PostgreSQL na MySQL: tayari ni seva. Msaada ni -? au --help.)

Ushauri wangu hapa una sehemu mbili. Timu yenu ikitumia mfumo mmoja wa hifadhidata, fuateni herufi za mfumo huo hata kama mnaona nyingine zingependeza zaidi. Ladha ya mwandishi haina uzito mbele ya mazoea ya watu wote. Mkitumia mifumo miwili, msitoe herufi fupi kabisa kwa poti, mtumiaji na nywila. Tumieni --host, --port, --user, --database, na kila anayeandika atajua anachotaja. Nywila yenyewe isipokelewe kwenye mstari wa amri kwa jina lolote. Inaweza kuonekana kwenye orodha ya michakato na kubaki kwenye historia ya terminali. psql haina kabisa chaguo la kupokea nywila. -W huomba tu iulizwe. Kwa PostgreSQL wekeni nywila kwenye faili la ~/.pgpass lenye ruhusa 0600 (mwenye faili peke yake ndiye anayelisoma na kuliandika), au kwa MySQL tumieni zana ya mysql_config_editor.

Kuna pia suala la mahali pa kuandika machaguo hayo ndani ya programu. Zana za PostgreSQL huunganishwa kupitia maktaba moja, libpq, ndiyo maana vigezo vya mazingira PGHOST, PGPORT, PGUSER na PGDATABASE hufanya kazi kwenye psql, pg_dump na vacuumdb bila tofauti. Nanyi fanyeni hivyo: kipande kimoja cha programu kisome machaguo ya kuunganisha, zana zote zikiite. Zana kumi zikisoma --port kila moja kwa namna yake, ndani ya mwaka mtakuwa na tabia kumi. MySQL inaonyesha upande wa pili wa jambo hili. Kwenye my.cnf, faili lake la mipangilio, sehemu ya [client] husomwa na zana zote za mteja, na ukiweka humo chaguo ambalo zana mojawapo hailijui, zana hiyo inakataa kuanza. Mkishashirikisha mipangilio, ulinganifu unakuwa sharti la zana kuwaka.

Sasa herufi za hatari. Hapa naomba msome polepole. psql -c hutekeleza amri moja uliyoiandika. Ni chaguo la kila siku. pg_restore ni zana ya kurudisha nakala, na -c yake hufuta vitu vilivyopo kabla ya kuvirudisha. Mtu wa psql anayeandika -c bila kufikiri anaweza kufuta majedwali. Na -C kubwa, inayoagiza hifadhidata iundwe kwanza, ina mtego wake. Tazama amri hii, ya mtu anayetaka kujaribu nakala kwenye hifadhidata ya majaribio:

pg_restore -c -C -d majaribio mauzo.dump

Anaamini kwamba data itaingia kwenye majaribio. Lakini -C ikiwepo, hifadhidata ya -d hutumika kwa muunganisho wa kwanza tu. Data inakwenda kwenye hifadhidata yenye jina lililomo ndani ya nakala, yaani mauzo, na kwa kuwa -c ipo pia, mauzo itafutwa kwanza kisha iundwe upya. Kama seva ni ileile ya uzalishaji, na hakuna muunganisho mwingine unaoizuia, hiyo ndiyo hifadhidata hai inayofutwa. Mwongozo umeeleza hili kwa uwazi, na bado linawanasa watu, kwa sababu -d kwenye zana nyingi nyingine ina maana ya hapa ndipo ninapofanyia kazi.

Kutokana na hilo nina kanuni ambayo siilegezi: jambo linalofuta halipewi herufi fupi, na herufi ndogo na kubwa za jina moja hazipewi kazi zinazokaribiana. Andika --futa-kwanza, au kwa jina lolote mtakalokubaliana, liwe refu kiasi cha kumfanya mtu aone anachokiandika. Vidole havikosei kuandika neno la herufi kumi kwa bahati mbaya.

Jaribio lisilogusa kitu nalo liwepo kwenye kila zana yenye kubadilisha data, na liitwe kwa jina moja. pg_rewind na pg_resetwal, zana mbili za PostgreSQL, zote zinatumia -n na --dry-run kwa kazi hiyo. Kwenye pg_dump, -n ni jina la skima (kundi la majedwali ndani ya hifadhidata), kwa hiyo hata hapa tegemea jina refu.

Kwenye skripti zinazohifadhiwa, andika majina marefu daima. Kuna pingamizi la haki hapa, na sitaki kulikwepa. Mwaka 2017, toleo la 10 la PostgreSQL lilibadilisha jina --xlog-method la pg_basebackup, zana ya kunakili seva nzima, likawa --wal-method, huku -X fupi ikibaki vilevile. Skripti zenye jina refu zilivunjika, zenye herufi ziliendelea. Hata hivyo nashikilia ushauri wangu. Zilizovunjika zilivunjika kwa ujumbe ulioonekana, na kurekebisha neno moja ni kazi ya dakika. Isitoshe, atakayesoma skripti yako baada yako akikuta -1 -e atalazimika kufungua mwongozo kwa kila herufi, na akikuta --single-transaction --exit-on-error ameshaelewa. Ila usifupishe majina marefu. Maktaba ya GNU inayosoma machaguo hukubali kipande cha mwanzo kikiwa hakichanganyi, na siku zana itakapoongezewa chaguo jingine linaloanza hivyohivyo, kifupi chako kitakataliwa. Kwenye pg_dump, --schema na --schema-only ni mambo mawili tofauti, na la kwanza humeza neno linalofuata.

Ulinganifu hauishii kwenye majina. Tabia wakati wa kosa ina uzito mkubwa zaidi, na wanaoanza huisahau. Mpe mysql faili lenye kosa katikati: inasimama hapohapo, isipokuwa umeweka --force. Mpe psql faili hilohilo kwa -f: inaonyesha kosa, inaendelea na amri inayofuata, na mwishoni inarudisha namba ya kutokea 0 kana kwamba mambo yalikwenda sawa. Ukitaka isimame, weka -v ON_ERROR_STOP=1, nayo itarudisha 3. Skripti inayoziita zana zote mbili na kuangalia namba ya kutokea peke yake inadanganywa na mojawapo. Kwenye zana zenu, kusimama kuwe ndiyo tabia ya kawaida, kuendelea kuombwe kwa jina. Na chaguo lisilojulikana likataliwe, lisipuuzwe. Anayekosea herufi moja ya --dry-run asije akatekeleza kazi yenyewe.

Kabla ya kuandika zana mpya, tengeneza jedwali la herufi: safu kwa kila herufi, safuwima kwa kila zana mliyo nayo pamoja na zile za mfumo ambazo zana zenu huziita. Liweke kwenye hazina ya programu, na mabadiliko yoyote ya chaguo yapitie hapo wakati wa ukaguzi wa wenzako. Kisha lisindikize kwa majaribio yanayojiendesha. PostgreSQL hufanya hivi kwa programu zake: kila moja huendeshwa kwa --help, kwa --version, na kwa chaguo la uongo, ikithibitishwa kwamba mbili za kwanza zinarudisha 0 na la tatu linaleta kosa. Kwa zenu ongezeni jaribio la nne: kila zana ipewe --host, --port, --user na --database zenye thamani zilezile, na ihakikishwe kwamba zote zimejaribu kufika kwenye seva ileile.