Wanaingia kwenye tovuti, wanaangalia, wanaondoka: kilichonisaidia mimi

Mkuu, umesema tovuti yako ya mashuka inaingiza watu kila siku, matangazo unalipia, lakini wanunuzi wachache na walionunua hawarudi. Mimi nauza mapazia, nina duka Kariakoo na tovuti, kwa hiyo haya nayaishi.

Kwanza weka bei. Hii tabia ya "bei njoo inboksi" inafukuza watu wenye hela. Mtu anayeangalia bidhaa saa 5 usiku amejilaza hataki kuanza kubembelezana bei. Anaondoka, anakwenda kwa mwenzako. Kwangu kila kitambaa kina bei ya mita, bei ya kushona, na nauli ya bodaboda kwa kila eneo, iwe Sinza au Mbagala. Chini nimeeleza kuwa dirisha la upana wa mita 2 linataka kitambaa cha mita 4 hivi ili pazia lijikunje vizuri. Mteja anapiga hesabu mwenyewe, na akija kuuliza anakuja na oda, siyo maswali matupu.

Picha zipunguze uzito. Wengi wanaingia kwa simu na bando la kuhesabia. Google wanashauri sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5. Ipime tovuti yako kwa simu ya bei ndogo ukiwa barabarani, siyo kwenye waifai ya ofisini.

Sasa tuje kwenye hofu ya kutapeliwa, maana hapa ndipo mauzo mengi ya mtandaoni yanapofia. Chukua Lipa Namba ya biashara. Mteja kabla hajaweka namba ya siri anaona jina kwenye simu. Likifanana na la tovuti anatulia, likitokea jina la mtu asiyemjua anaghairi, na ana haki. Weka picha ya mlango wa duka na jina la mtaa. Ndani ya Dar mruhusu akague mzigo mbele ya bodaboda ndipo alipe. Mzigo wa mkoani nikiupeleka stendi ya Magufuli pale Mbezi, namtumia picha ya risiti ya basi papo hapo, na namba ya basi. Mtu aliyetuma hela kwa asiyemwona akikaa saa nzima bila taarifa anateseka, tusimfanyie hivyo.

Kuhusu kurudi, siri yangu ni daftari. Kila mteja naandika vipimo vya madirisha yake, rangi aliyochukua, na kama anatumia pete au ndoano. Kuna dada wa Tabata alinunua pazia la chumba kimoja tu. Miezi ikapita, akaandika anataka la sebuleni lioane na lile la chumbani. Nikamtumia picha ya kitambaa kilekile na vipimo vyake vya zamani. Akaagiza la sebuleni, kisha akamleta dada yake, na shemeji yake. Hakuna punguzo lingenipa wateja wale. Mtu akiona unamkumbuka, kwenda kuanza upya kwa mgeni anaona ni usumbufu.

Mzigo ukishafika, kesho yake muulize kama umekaa sawa. Usimwuzie kitu siku hiyo. Muulize tu, na kama kuna kasoro itengeneze haraka.

Matangazo ya WhatsApp ya kutuma kwa wengi yanamfikia tu aliyehifadhi namba yako, na orodha moja inabeba watu 256. Kwa hiyo mwombe mteja ahifadhi namba siku anapopokea mzigo akiwa na furaha. Orodha za namba zinazouzwa mitaani achana nazo kabisa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na hata isingekuwepo, namba ya mtu siyo mali ya kuuziana. Omba ridhaa, na akisema basi, mfute.

Kwa mashuka yako, daftari lianze na saizi ya kitanda kwa futi: 4 kwa 6, 5 kwa 6 au 6 kwa 6, na kama watoto wana vyao. Rudi kwa walionunua mwaka huu, waulize hilo moja, uliandike.