Maswali ya Wasomaji: Zebaki na Samaki Wanaotoa Umeme

Barua tatu zilizotufikia kutoka Moshi na Arusha zinagusa jambo moja, nalo ni zebaki na madhara yake kwa neva za samaki na za watu wanaowala samaki hao. Tumeziweka pamoja. Ya kwanza imechukua nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu inastahili.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule ya sekondari hapa Moshi. Katika somo la uchafuzi wa maji niliwaeleza wanafunzi kwamba zebaki inayotumiwa kukamatia dhahabu huharibu mfumo wa neva wa samaki, wakiwamo samaki wanaotoa umeme. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu akauliza: kwa kuwa zebaki ni metali na inapitisha umeme, je, samaki huyo hapigwi shoti na umeme wake mwenyewe? Darasa zima lilicheka, lakini mimi nilishindwa kumjibu. Naomba ufafanuzi.
Mwalimu, Moshi

JIBU: Mwalimu, hilo ni swali la mtu anayefikiri, na ingefaa wale waliocheka waombwe walijibu wao. Jibu fupi ni kwamba samaki hapigwi shoti. Zebaki hupitisha umeme vizuri ikiwa katika hali yake ya metali, yaani ule ute mzito unaong'aa, tena ikiwa imekusanyika mahali pamoja. Iliyomo ndani ya maji ya mto au ziwa lililochafuliwa hupimwa kwa nanogramu katika lita, na nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu, kwa hiyo ukiilinganisha na chumvi za kawaida zilizoyeyuka katika maji hayohayo, haina nguvu yoyote ya kubadili jinsi maji yanavyopitisha umeme. Kinachoumia ni neva zinazoamuru umeme huo utoke, pamoja na ubongo unaousoma unaporudi.

Samaki wenyewe hatuhitaji kuwatafuta mbali. Domodomo wa Ziwa Victoria ni wa jamii kubwa ya samaki wa Afrika wanaotoa umeme hafifu, ambao mkono wa binadamu hauuhisi. Kiungo cha umeme kiko kwenye shina la mkia, na seli zake zimetokana na misuli iliyobadilika. Kila kiungo hicho kinapopiga, uga wa umeme hujengeka kuuzunguka mwili wa samaki, na vipokezi vilivyotapakaa kwenye ngozi huhisi jinsi jiwe, mzizi au kidudu kilichojificha kwenye tope kinavyoupotosha uga huo. Kwa njia hiyo domodomo hutafuta chakula usiku, katika maji yasiyoonekana kitu, kama mtu anavyopapasa ukuta wa chumba chenye giza. Mwanazuolojia Hans Lissmann wa Chuo Kikuu cha Cambridge ndiye aliyelionyesha jambo hili katika miaka ya 1950, akimchunguza samaki wa Kiafrika aitwaye kitaalamu Gymnarchus niloticus.

Ukipata nafasi ya kumwona samaki wa namna hii katika tangi la kioo, tumbukiza ncha za nyaya mbili majini, kisha uziunganishe na amplifaya na spika. Utasikia tak, tak, tak, kwa mwendo wa taratibu samaki akiwa ametulia. Ukimwekea mbele yake kitu asichokizoea, mapigo huongezeka kasi ghafla, kwa maana anakikagua. Wanafunzi wako watakuelewa kwa dakika moja kuliko kwa ubao mzima wa maelezo.

Sasa tuje kwenye zebaki. Katika maeneo ya wachimbaji wadogo, kama yale ya Geita, mchanga wenye dhahabu huchanganywa na zebaki ili zebaki inase chembe za dhahabu. Mchanganyiko hukamuliwa kwa kitambaa, na donge la kijivu linalobaki huchomwa ili zebaki itoke kama mvuke na kuacha dhahabu peke yake. Ile iliyobaki kwenye mchanga husombwa na mvua hadi mtoni, na mvuke nao hupoa na kurudi ardhini. Uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio chanzo kikubwa kuliko vyote cha zebaki ambayo binadamu huiachilia hewani duniani, na sehemu yake inazidi theluthi moja ya jumla.

Hata hivyo, zebaki inayofika chini ya maji bado haijawa sumu kali ya ubongo. Hugeuzwa kuwa hivyo na bakteria wanaoishi kwenye tope lisilo na oksijeni, wengi wao wakiwa ni wale wanaotumia salfeti badala ya oksijeni. Bakteria hao huifunga zebaki kwenye kikundi cha kaboni na haidrojeni kiitwacho methili, na matokeo yake ni zebaki-methili. Hapo ndipo mkasa wa domodomo unapoanzia, kwa sababu chakula chake kikubwa ni viluwiluwi vya wadudu wanaokaa kwenye tope hilohilo. Anafukua kwa mdomo wake mahali ambapo sumu inatengenezwa.

Zebaki-methili hupenya ukuta unaoulinda ubongo kwa hila. Ikishashikana na asidi amino iitwayo sisteini, umbo lake linafanana sana na la asidi amino nyingine, methionini, ambayo ubongo huihitaji na kuipokea kila siku. Basi mlango unafunguliwa na sumu inaingia kama mgeni halali. Ikiwa ndani hushikamana na salfa iliyomo katika protini. Huvuruga nyuzi ndogo zinazozipa seli za neva umbo na kusafirisha vitu ndani yake, hubana njia za kalsiamu ambazo seli huzitegemea katika kupelekeana ujumbe, na hudhoofisha kimeng'enya kinachosukuma sodiamu na potasiamu nje na ndani ya seli. Mwalimu, kitazame kimeng'enya hicho cha mwisho kwa makini, maana seli za kiungo cha umeme zimejaa pampu hizo. Bila pampu hizo seli haiwezi kujichaji tena baada ya kupiga.

Lakini kwa maoni yangu hatari kubwa zaidi iko kichwani. Kutokana na msiba wa Minamata nchini Japani, uliotambuliwa rasmi mwaka 1956 baada ya kiwanda cha kemikali kumwaga zebaki katika ghuba ya wavuvi, madaktari walijua kwamba zebaki-methili huishambulia hasa serebela, yaani sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu mwendo, na ndani ya serebela huziua zile seli ndogondogo za punje. Wagonjwa walipepesuka, walishindwa kufunga vifungo vya nguo, uwezo wao wa kuona pembeni ulipungua, na paka waliokula samaki wa ghuba hiyo walizunguka na kurukaruka kama wenye wazimu. Sasa mtazame samaki wa jamii ya domodomo: serebela yake imekua kiasi cha kuufunika ubongo karibu wote kwa juu. Katika aina moja iliyopimwa vizuri, Gnathonemus petersii wa Afrika ya Kati na Magharibi, ubongo una asilimia 3 hivi ya uzito wa mwili lakini unatumia karibu asilimia 60 ya oksijeni yote ambayo samaki anaivuta, wakati ubongo wa binadamu hutumia asilimia 20 hivi. Ubongo mkubwa namna hiyo unahitajika kwa sababu samaki lazima atofautishe umeme wake mwenyewe na wa jirani yake. Kila anapoamuru pigo litoke, nakala ya amri hiyo hupelekwa pia kwenye sehemu za ubongo zinazopokea habari za ngozi, ili zijue ni mwangwi upi wa kuusoma na upi wa kuupuuza. Kazi hiyo hufanyika kwa usahihi wa sehemu ndogo mno ya sekunde, na seli za punje ni miongoni mwa zinazoifanya. Sumu inayozichagua seli hizo kwa binadamu inamkuta samaki huyu akiwa amewekeza maisha yake yote humohumo.

Usitarajie kuona samaki waliokufa wakielea. Samaki wadogo wa Amerika Kaskazini waliolishwa zebaki-methili katika maabara, kisha wakatishwa kwa mfano wa ndege mdiria, walikuwa wazima kwa macho, ila walichelewa kuliko wenzao kurudi katika mwenendo wao wa kawaida. Kwa samaki wa kawaida, ulegevu wa namna hiyo ni vigumu kuuona mpaka umtishe na kumtazama kwa muda. Samaki wa umeme ana nafuu moja kwa mtafiti: mapigo yake yanasikika saa zote, kwa hiyo mabadiliko yanaweza kurekodiwa bila kumgusa. Tangu miaka ya 1980 watafiti walipendekeza kumtumia Gnathonemus petersii kama mlinzi wa maji ya kunywa, kwa kuhesabu mapigo yake na kutoa tahadhari pale mwendo wake unapobadilika.

SWALI: Mwanangu alivunja kipimajoto na kumeza tone la zebaki. Daktari alitutuliza, akasema litatoka lenyewe, na kweli mtoto hana tatizo. Sasa mbona mnatuambia kwamba chembe isiyoonekana ndani ya samaki inaharibu ubongo?
Mzazi, Sakina, Arusha

JIBU: Daktari wenu alisema kweli. Zebaki ya metali ikimezwa hupita tumboni na karibu yote hutoka kama ilivyoingia. Zebaki-methili iliyomo katika nyama ya samaki hufyonzwa na utumbo kwa asilimia 95 hivi, na mwili huchukua karibu miezi miwili kupunguza nusu yake. Mliyopaswa kuiogopa zaidi siku ile ni iliyomwagika sakafuni, kwa kuwa mvuke wake ukivutwa, sehemu kubwa huingia kwenye damu kupitia mapafu. Isifagiliwe kwa ufagio, maana huo huitawanya tu. Fungueni madirisha, mtoeni mtoto chumbani, kisha mziokote chembe kwa karatasi ngumu na kuzitia kwenye chupa yenye kifuniko.

SWALI: Ninauza samaki katika soko la Kilombero, Arusha, sangara na dagaa wa Mwanza, na mara chache domodomo. Tangu habari za zebaki zianze, wateja wananiuliza kama samaki wa ziwa wana sumu, na kama wakikaangwa sana sumu inatoka. Wengine wanamwogopa domodomo wakisema atawapiga umeme. Niwajibu nini?
Mama muuza samaki

JIBU: Mama, shikamoo. Kukaanga, kuchemsha, kukausha kwa moshi au kutoa kichwa hakusaidii, kwa sababu zebaki-methili imeshikamana na protini ya nyama yenyewe. Kinachosaidia ni kumchagua samaki. Sumu hii huongezeka kila samaki mmoja anapomla mwingine, kiasi kwamba samaki mkubwa mla wenzake anaweza kuwa na zebaki mara milioni na zaidi ya ile iliyomo katika maji anamoogelea. Kwa hiyo dagaa, aliye chini kabisa katika mnyororo huo, ana zebaki kidogo, na sangara mkubwa ana nyingi kumzidi sangara mdogo. Kiwango kinachotumika sana kimataifa ni miligramu 0.5 kwa kilo moja ya samaki, na vipimo vilivyochapishwa kuhusu samaki wa Ziwa Victoria vimeonyesha kwamba walio wengi wako chini ya hapo. Mteja mwenye ujauzito au anayenyonyesha mshauri achukue dagaa au samaki wadogo na aepuke minofu ya sangara wakubwa mno, kwa kuwa ubongo wa mtoto aliye tumboni ndio unaoumia upesi. Asiache samaki kabisa, maana atakosa lishe ambayo mtoto huyohuyo anaihitaji.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, nao unazitaka nchi zipunguze zebaki katika uchimbaji mdogo na pale inapowezekana ziiondoe kabisa. Sokoni hilo bado halijabadilisha kitu, na hata likitekelezwa, tope lililokwisha kuchafuliwa litaendelea kulisha zebaki kwa miaka mingi.

Kuhusu domodomo, waambie wateja kwamba umeme wake hausikiki mkononi hata akiwa hai, na akishakufa hana umeme wowote. Pengine wanamchanganya na kambale wa umeme, ambaye yeye kweli hupiga, hadi volti 350, na mvuvi anayemjua hamshiki kwa mkono mtupu.