Vijana, nati peke yake haishiki mota

Jumamosi iliyopita kijana mmoja alinijia karibu na Kirinyaga Road, Nairobi, akisukuma baiskeli ya kulalia, ile unayoiendesha ukiwa chali, miguu mbele. Mota ya kati, ile inayofungwa penye pedali, ilikuwa ikining'inia chini ya bomba la mbele linaloshika pedali. Waya alikuwa amezipanga vizuri mno, nikamsifu kwa dhati. Kisha nikaishika kesi ya mota, yaani ganda lake la nje, na kuisukuma mbele. Ikacheza.

"Lakini nati nimeikaza, fundi!"

Huyo ni wa tatu mwaka huu. Nawapenda, na mikono mnayo, ila uvumilivu wangu umefika ukingoni. Someni haya kabla hamjashika spana.

1. Cheni kwanza, wati baadaye. Kila anayeanza huniuliza kama achukue ya 500 au ya 750. Yoyote itakupandisha Valley Road. Kitakachokukosesha usingizi ni cheni yenye urefu wa karibu cheni tatu za baiskeli ya kawaida, inayopita chini ya kiti na kupindishwa njiani. Upande wa juu ndio unaovuta: huo uwekee kapi lenye meno na beringi nzuri, lifungwe kwenye fremu yenyewe. Upande wa kurudi hauna mzigo, upitishe hata kwenye bomba la plastiki. Usikate cheni kabla mwenye baiskeli hajaketi na kunyoosha mguu, kwa maana ukisogeza bomba la mbele sentimita 2, cheni inadai 4. Vipande 24 vya cheni mpya ni milimita 304.8, vikifika 307 itoe, kabla haijamaliza meno ya nyuma.

2. Mkono wa kuzuia mota. Hapa nitakaa.

Kwenye baiskeli ya kawaida, BBS02, mota ya kati tunayoifunga, hulala mbele ya pedali, chini ya bomba kuu. Inapozungusha sproketi kwenda mbele, mwili wake husukumwa kinyume, ukapanda mpaka ukaegemea fremu, na fremu ikauzuia. Ndiyo sababu wengi wanakaza nati ya M33, ile kubwa inayoibana mota kwenye fremu, na mambo yanaenda. Sasa njoo kwenye baiskeli ya kulalia. Bomba liko nyuma ya pedali, na mota tumeitundika chini ya bomba. Nguvu ni ileile na inazunguka upande uleule, lakini safari hii inaitenga mota na bomba. Huko inakosukumwa hakuna chuma chochote. Imebaki na meno ya lile bamba dogo linalofungwa kwenye mota na kung'ata fremu, na nati.

Mimi nilijua nusu ya hayo mwaka 2019, na ile nusu nyingine sikuitafuta.

Mteja wangu alikuwa mwalimu mstaafu wa Kawangware, magoti yamechoka, mgongo umechoka. Aliniletea baiskeli ya kulalia ya mtumba, na pesa akanihesabia mezani noti moja moja. Asubuhi ya kuikabidhi niliijaribu Museum Hill. Nilipofungua nguvu mlimani nikasikia "tk". Sauti moja tu, kavu. Nikashuka nikaangalia: kesi ya mota ilikuwa imeshuka kama upana wa kidole. Nikairudisha kwa mkono, nikakaza nati kwa uzito wangu wote, nikarudi karakana. Sikujiuliza ni nini kilichoisogeza. Saa nane Mwalimu akafika.

"Fundi, imekwisha?"

"Imekwisha, Mwalimu."

Nilimjibu hivyo nikimtazama usoni, na ile "tk" bado ninayo masikioni.

Saa tisa na robo simu ikalia. Nilimkuta Valley Road, ameketi ukingoni mwa barabara, mkono wa kulia ameupakata kama mtoto. Mota ilikuwa imezunguka hadi ikatazama mbele na kuvuta kila kitu: plagi ya betri imeng'oka, ngozi ya waya mwekundu imechubuka hadi shaba inaonekana. Umeme ulikatika katikati ya mlima akiwa kwenye gia nzito. Kwenye baiskeli ile huwezi kusimama juu ya pedali ukasukuma kwa uzito wa mwili, umelala chali. Ikapungua mwendo, ikasimama, ikaangukia upande wa magari, naye akatanguliza mkono. Dereva wa matatu iliyokuwa nyuma yake alishika breki mapema, Mungu ambariki. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika.

Aliponiona akasema, "Pole, fundi. Nimeiharibu mashine yako."

Yeye ndiye aliyeniomba radhi mimi. Nilishindwa hata kumjibu. Nilimpeleka hospitali na kulipa, lakini habari ya "tk" sikumwambia mpaka wiki ya tatu, nilipompelekea baiskeli kwake. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: kile kilichokosekana, bei yake ni ngapi? Nikamwambia, shilingi 600. Akanyamaza kidogo, akanimiminia chai.

Kwa hizo 600 nilipata bamba la chuma la milimita 5, nimelitobolesha kwa mafundi wa chuma wa Kamukunji, pamoja na kibano cha kulikumbatia bomba. Mkono huo unafungwa kwenye bamba la mota upande mmoja na kwenye bomba la mbele upande wa pili. Chini ya kibano weka kipande cha tyubu kuukuu ili alumini isiliwe. Unaweza pia kuipandisha mota ikae juu ya bomba, hapo nguvu hiyohiyo itaibana badala ya kuitenga, ila pima kwanza kama visigino na mashavu ya miguu vitapita. Vyovyote utakavyochagua, ukisikia "tk" kazi haijaisha. Usimpe mtu.

3. Betri. Seli za kompyuta kuukuu msiniletee. Kwenye 13S, yaani betri ya seli 13 zilizofuatana, seli moja dhaifu ndiyo inayoamua BMS, ile saketi inayoilinda betri, ikate wapi, na itakata mlimani, ampea zinapopanda. Fyuzi ikae karibu na betri. Ukiiweka mbele kwenye mota, waya wote unaopita chini ya kiti hauna mlinzi.

4. Gia. Shusha gia kabla hujasimama, kwa sababu ile ya kulala ukiikwamisha kwenye gia nzito, kuondoka tena ni taabu. Na ukitaka kubadilisha, achia nguvu kwanza. Kijana wangu mmoja aliyetoka kwenye bodaboda alikata cheni mbili kwa wiki moja, zote karibu na mzunguko wa Globe, kwa kuwa mkono wake ulizoea kushikilia tu. Nikamwambia kabla ya kila gia aseme "achia" kwa sauti. Alisema mwezi mzima, watu wakimgeukia kwenye foleni, akidhani wanamcheka, nami nikimwambia aendelee. Hajakata cheni tena, na sasa nasikia anayemfundisha naye anasema "achia". Gia nzito mlimani pia inaichemsha mota, na gia ya nailoni ndani ya BBS02 haipendi joto.

5. Alama. Ukimaliza kukaza, chukua rangi ya kucha, nyekundu, upige mstari mmoja unaovuka nati, bamba na kesi. Mistari ikiachana, kuna kilichosogea, na utakiona bila kushika spana.

Mwalimu bado anaiendesha. Anapopita karakana huiinamia ile mota kwanza, anapitisha kidole juu ya mstari mwekundu kutoka nati hadi kesi, kisha ndipo ananipa mkono.