Maswali na Majibu ya Ujenzi: Mchoro Umeunakili, Sababu Je?

"Nondo za milimita 12 zinatosha?" (Msomaji, Mukono)

Zinatosha nini? Nguzo, linta (boriti ya zege juu ya milango na madirisha) au banda la kuku? Swali hili haliishi kuja, na hakuna anayeniambia jengo lina ghorofa ngapi wala udongo ukoje. Swali nusu hupata jibu nusu: labda.

"Mhandisi, kisima chetu kinatoa maji mekundu. Mabomba yalishabadilishwa, na fundi anataka kurudisha yale yale kwa kuwa ndiyo ya kawaida wilayani." (Kamati ya maji, Masaka)

Msikubali. Pampu ya mkono ya U2 tuliyoizoea Uganda ilitokana na pampu ya Kihindi iitwayo India Mark II, na mabomba yake ya kupandishia maji yalikuwa ya chuma kilichopakwa zinki. Uamuzi huo ulikuwa na sharti: maji yasiwe na asidi. pH, yaani kipimo cha asidi, ikishuka chini ya 6.5, zinki huliwa, chuma huanza kuoza, maji hunuka kutu, nguo nyeupe huingia madoa, na akina mama hurudi kuteka kinamasini. Sisi tulichukua bomba, sharti tukaliacha. Pimeni pH kwanza. Ni rahisi kuliko kung'oa mabomba mara ya tatu. Kisha chagueni plastiki ngumu, kama kina cha kisima kinairuhusu, au chuma kisichoshika kutu. Dukani msidanganywe na sumaku: kipo chuma duni ambacho sumaku haikinasi na bado kinaoza. Daini karatasi ya kiwandani inayotaja daraja la chuma, na mkandarasi asilipwe kabla hamjaiona.

"Nyumba isiyo na ghorofa, hapa Fort Portal, inahitaji linta ya kuzunguka?"

Ndiyo. Waulize wazee wa Toro habari za tetemeko la ardhi la Machi 1966. Na nondo zifungwe vizuri kwenye kona. Linta iliyokatikia juu ya dirisha ni pambo tu.

"Choo cha shule yetu kina bomba la hewa lakini inzi wamejaa." (Mwalimu, Iganga)

Mwalimu, mtume fundi apande aangalie kama juu ya bomba kuna wavu. Nashuku haupo, au umetoboka. Choo cha aina hii kilibuniwa Zimbabwe miaka ya 1970, na kila kipande kina kazi yake. Upepo unaopita juu ya bomba huvuta harufu kutoka shimoni. Chumba huachwa na giza ili inzi aliye shimoni afuate mwanga wa bomba, akwamie kwenye wavu na kufia hapo. Mafundi wetu wananakili bomba, halafu wanatoboa dirisha kubwa "ili watoto waone". Basi inzi naye anaona.

"Ofisi yetu ina michoro ya miaka mingi. Tuanzie wapi kuandaa miongozo ili tusibuni kila kitu upya?" (Injinia kijana, Kampala)

Hatimaye, swali! Michoro iacheni kabatini. Fungueni majalada ya miradi mtafute maswali yanayojirudia: maji ya paa yaelekezwe wapi, shimo likikutana na maji tufanyeje. Kila swali liandikieni ukurasa mmoja: hali ilikuwaje, mliamua nini, kwa nini, na wapi uamuzi huo usitumike. Hili la mwisho ndilo watu huliruka. Bwaise, mtaa wa hapo Kampala, maji ya ardhini yako juu, kwa hiyo choo huinuliwa na watu hupanda ngazi. Ni uamuzi mzuri, pale. Upeleke mchoro huo kwenye ardhi kavu ya Moroto, utakuwa umemjengea bibi kizee ngazi za bure.

Kilichofaulu mara moja bado si mwongozo, na anachokipenda bosi si mwongozo kabisa. Misimu miwili ya mvua ikipita, rudini kwenye majengo mkaone palipovuja, kisha msahihishe kurasa zenu. Na kila ukurasa uwe na jina la aliyeamua, ili paa likivuja mjue wa kumpigia simu.