Laptopu ya Zamani: Tazama Diski Kwanza, Mfumo Utafuata

Ujumbe ulikuwa mfupi. Laptopu ya mwaka 2014, prosesa Core i5-4210U, RAM (kumbukumbu ya muda) GB 4, diski ngumu ya GB 500, Windows 10. Kuwaka tu ni dakika sita. Mwenyewe anauliza: niweke Windows 11, nibaki nilipo, au nihamie Linux, mfumo endeshi wa bure?

Maswali ya aina hii yameongezeka tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipositisha msaada wa kawaida wa Windows 10. Majibu yanayozagaa ni mawili: lazimisha Windows 11, au itupe ununue mpya. Yote mawili yanaumiza, kwa sababu aliyejibu hakuuliza hata diski ni ya aina gani. Kwenye mashine ya umri huu mfumo endeshi huja wa tatu. Diski ndiyo ya kwanza, RAM ya pili. Ukiruka hizo mbili, mfumo wowote utakaouweka utaonekana mbovu.

Pima hivi. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc kufungua Task Manager, fungua Performance, kisha Disk 0. Ikiandikwa HDD (diski ngumu ya kuzunguka), na grafu imeganda kwenye asilimia 100 huku kasi ya kusoma ni MB 1 au 2 kwa sekunde, ugonjwa umeuona kwa macho yako. Diski nyingi za laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, maana yake mzunguko mmoja unachukua milisekunde 11 hivi. Windows inapowaka huomba maelfu ya vipande vidogovidogo vilivyotawanyika, na kila kipande kichwa cha kusomea lazima kihame, kisha kisubiri sahani izunguke hadi kifike chini yake. Kwa mwendo huo diski inamudu maombi mia moja hivi kwa sekunde, basi. Prosesa inakaa bure ikisubiri. SSD, diski ya chipu, haina kinachozunguka, kwa hiyo inajibu maombi kwa maelfu. Ndiyo maana hata laptopu yenye SATA (njia ya kuunganisha diski) ya kizazi cha pili, ambayo hufikia kama nusu tu ya kasi iliyoandikwa kwenye boksi la SSD, hubadilika kabisa. Faida ipo kwenye vile vipande vidogo, wala si kwenye namba ya boksi.

Kabla ya kununua chochote, angalia afya ya diski uliyonayo kwa programu ya CrystalDiskInfo. Soma mistari mitatu: 05, C5 na C6. Thamani zake huonyeshwa kwa tarakimu za heksadesimali (0 hadi 9, kisha A hadi F), kwa hiyo utaona safu ndefu ya sifuri. Safu yote ikiwa sifuri, vizuri. Ikitokea 8 au 1A mwishoni mwa mstari wa C5, kuna sehemu za diski ambazo hazisomeki vizuri. Hapo acha mengine yote unakili faili zako leo, ukianza na zile ambazo huwezi kuzipata popote pengine. Usiendeshe chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, kwenye diski hiyo kabla ya kunakili. Inaipa kazi nzito wakati ambao inaweza kufa.

SSD inayofaa laptopu nyingi za kati ya 2010 na 2016 ni ya inchi 2.5, SATA, unene milimita 7. Zipo laptopu ambazo nafasi yake ni ya milimita 9.5. Hapo SSD itacheza ndani, na fremu nyembamba ya plastiki ya milimita 2.5 inamaliza tatizo. GB 240 au 256 zinatosha kwa matumizi ya kawaida. Kama mashine ina nafasi ya M.2 (tundu la SSD bapa iliyo kama kijiti), soma kwanza maelezo ya modeli yako hasa, maana M.2 za SATA na za NVMe (njia nyingine, yenye kasi zaidi) hufanana kwa umbo, na laptopu nyingi za miaka hiyo hupokea SATA peke yake. Ukiweka NVMe, BIOS (programu ya ubao inayoiwasha mashine) haitaiona, na utaishia kulaumu SSD nzima.

Unapofungua, zima kabisa, chomoa chaja, toa betri. Betri ikiwa ya ndani, chomoa waya wake kwenye ubao kabla ya kugusa kingine, kwa kucha au kipande cha plastiki, kamwe si kwa bisibisi. Chora umbo la laptopu kwenye karatasi na kila skrubu uilaze mahali ilipotoka. Skrubu ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi hutokeza upande wa juu na kupasua ganda chini ya kiganja. Diski yenyewe huchomolewa kwa kuivuta pembeni, usawa na ubao. Ukiinyanyua juu unapinda kiunganishi.

RAM ya GB 4 ilitosha zamani. Leo kivinjari chenye kurasa kumi kinaimaliza, na RAM ikiisha mfumo huanza kutumia diski badala yake. Lenga GB 8. Kwenye Performance hiyohiyo, fungua Memory uone nafasi zilizotumika, kwa mfano 1 of 2. Prosesa za laptopu za Intel za kizazi cha nne, kama hiyo i5-4210U, zinahitaji DDR3L ya volti 1.35. Ukichomeka DDR3 ya volti 1.5 huenda taa ikawaka na kioo kikabaki cheusi, ingawa zote mbili zina pini 204 na zinaingia bila kulazimisha. Soma maandishi kwenye kijiti cha RAM: PC3L ndiyo unayotaka, PC3 bila L iache. Kiingize kikiwa kimeinama, nyuzi 30 hivi, mpaka mistari ya dhahabu iwe karibu kupotea yote, ndipo ukilaze hadi vishikizo vya pembeni vilie. Kioo kikibaki cheusi mara ya kwanza, subiri dakika moja, kisha chomoa ukichomeke upya. Mara nyingi kosa ni kijiti ambacho hakikufika mwisho.

Sasa mfumo, na hapa prosesa ndiyo inayoamua. Kwa Intel Core, soma tarakimu zinazofuata ile alama ya kistari: i5-4210U ni kizazi cha nne, i5-8250U ni cha nane, i5-10210U ni cha kumi. Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha nane, pamoja na TPM 2.0 (sehemu ya usalama ya mashine), UEFI (BIOS ya kisasa) yenye Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka), RAM GB 4 na nafasi ya GB 64. Andika tpm.msc kwenye Run (Windows+R) uone toleo. Mashine ya kizazi cha nane ikidai haina TPM, usikate tamaa: mara nyingi imezimwa tu ndani ya BIOS, kwa jina la PTT kwenye Intel au fTPM kwenye AMD. Ukikuta msinfo32, iendeshwayo kwa Run hiyohiyo, inaonyesha BIOS Mode ni Legacy (mtindo wa zamani), diski inaweza kubadilishwa kwenda GPT (mpangilio wa diski unaohitajiwa na UEFI) bila kufuta kitu. Endesha kwanza mbr2gpt /validate /allowFullOS kama msimamizi, na ikipita tu ndipo utumie /convert mahali pa /validate. Ukimaliza ingia BIOS uweke UEFI, la sivyo haitawaka.

Na wa chini ya kizazi cha nane? Programu ya Rufus inaweza kutengeneza flashi inayoruka masharti hayo, na Windows 11 itakaa. Lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine hizo, na matoleo makubwa ya kila mwaka itabidi uyaweke mwenyewe kwa mkono, kila mara ukiwa hujui kama yatakubali. Tangu toleo la 24H2, prosesa isiyo na SSE4.2 (kundi la amri za prosesa), kama Core 2 Duo, haiwaki kabisa. Kwa mashine ya majaribio, sawa. Kwa mashine inayobeba hesabu za biashara au tasnifu ya mtu, hapana, na anayekushauri hivyo bila kukueleza haya hakutendei haki.

Kama kuna programu ya Windows usiyoweza kuiacha, baki na Windows 10 22H2 na ujiandikishe kwenye masasisho ya ziada ya usalama kupitia ukurasa wa Windows Update. Kwa watu binafsi yalipangwa kufika 13 Oktoba 2026. Muda huo utumie kujipanga.

Kwa wengine wote, Linux Mint (aina moja ya Linux) toleo la Xfce, lenye mwonekano mwepesi, ndilo jibu langu kwa i5-4210U yenye SSD na GB 8. Toleo la 22 linapata masasisho hadi 2029. Linahitaji GB 2 za RAM kwa uchache na GB 20 za nafasi. Mashine ya biti 32 hailiwezi, na uwanja wake umepungua mno: hata Debian 13, aina nyingine ya Linux, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32. Jambo la kukubali mapema ni kwamba Microsoft Office na Photoshop za kusakinisha hazikai kwenye Linux. LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, hufungua faili za Word, ila zenye majedwali mazito na fonti maalumu huhama mistari. Fungua faili zako tatu ngumu kuliko zote kabla ya kuamua.

Hilo linawezekana bila kusakinisha. Pakua Mint, hakiki faili kwa certutil -hashfile jina.iso SHA256 na ulinganishe na namba iliyo kwenye tovuti yao, kisha iandike kwa Rufus kwenye flashi ya GB 8 ambayo haina kitu chako. Washa laptopu kwa flashi hiyo na ujaribu kwa nusu saa: Wi-Fi, sauti, kamera, vitufe vya mwanga. Halafu funga kifuniko kwa dakika tano na ukifungue. Kulala na kuamka ndiko kunakoshindikana zaidi kwenye laptopu kuukuu, na ndiko watu wanakosahau kupima. Wi-Fi isipoonekana, huenda ni kadi ya Broadcom inayohitaji draiva ya ziada. Unganisha simu kwa waya wa USB, washa ugawaji wa intaneti, kisha fungua Driver Manager.

Kisakinishi kisipoiona SSD, angalia BIOS kama SATA imewekwa RAID au RST (namna za kuendesha diski). Igeuze iwe AHCI, namna ya kawaida. Ila Windows iliyosakinishwa chini ya RST itagoma kuwaka baada ya hapo, ikionyesha INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, mpaka urudishe ilivyokuwa. Kabla ya kugusa chochote ndani ya BIOS, hakikisha pia una ufunguo wa kurejesha wa BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows), tarakimu 48, umeuandika nje ya laptopu hiyo. Usimbaji unaweza kuwa umewashwa bila wewe kujua, na bila namba hizo faili hazifunguki kwa yeyote.

Ukiamua kubaki na Windows, leseni haitakusumbua. Ya kidijitali hufungwa kwenye ubao mama, hivyo SSD mpya haiiathiri. Chagua tu toleo lilelile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, uruke hatua ya ufunguo, na ukishaunganisha intaneti itajiamilisha.

Sakinisha upya kwenye SSD, usihamishe mfumo wa zamani kama ulivyo. Diski ya zamani ikiwa nje ya laptopu wakati wa kazi, hakuna kitufe utakachobonyeza kimakosa kikaifuta, na mambo yakiharibika unairudisha mahali pake unaendelea kama jana. Ikiwa nzima, itie kwenye kasha la USB unakili faili kutoka humo kwa utulivu. Usiifomati kwa mwezi mmoja wa kwanza, maana ile faili ya kwenye AppData (folda iliyofichwa ya programu) au alamisho za kivinjari huwa zinakumbukwa wiki ya tatu.