Mita mbili zilizozidi

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Nilikuwa nikimsaidia binti yangu hesabu hii tukakwama. Katika mbio za mita 400, Achieng humshinda Nekesa kwa mita 40. Nekesa naye humshinda Chebet kwa mita 20 katika umbali huohuo. Wakikimbia wote watatu, Achieng atamwacha Chebet kwa mita ngapi? Mimi nilijumlisha nikapata 60, lakini jibu lililo nyuma ya kitabu ni 58. Kitabu kimekosea? Na Achieng akianza mita 40 nyuma ya mstari, si atafika sawa na Nekesa?
Mzazi, Kondele, Kisumu

JIBU: Kitabu kiko sawa, mzazi mwenzangu. Kosa lako nimelisahihisha kwenye madaftari mengi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Nilipokuwa nikifundisha karibu na Kakamega, nilichoka kueleza hesabu hii ubaoni nikawatoa wanafunzi nje. Tulichora mstari kwa jivu, watatu wakakimbia, nami nikashika filimbi. Sharti lilikuwa moja: wa kwanza akigusa mstari napuliza, na kila mtu anasimama papo hapo alipo. Wa pili aliserereka kwenye vumbi akataka kujiibia hatua mbili. Wenzake wakamrudisha kwa kelele. Kisha tukapima.

Nawe puliza filimbi hiyo. Achieng amegusa mstari, amekimbia 400. Nekesa yuko 360. Muda waliotumia ni mmoja, kwa hiyo uwiano wa umbali ndio uwiano wa kasi: 400:360, yaani 10:9.

Chebet yuko wapi? Hapa ndipo ulipoteleza. Nekesa humwacha mita 20 akishamaliza 400 nzima, na filimbi imemkuta akiwa 360. Uwiano wao ni 400:380, yaani 20:19. Gawa 360 kwa 20 upate 18, zidisha kwa 19: Chebet yuko 342. Toa kwenye 400, unabaki na 58. Zile mita mbili zako ni pengo ambalo Nekesa angeliongeza katika mita 40 za mwisho, ambazo bado hajazikimbia.

Swali lako la pili ni tamu kuliko la kitabu. Achieng akianza mita 40 nyuma, atakimbia 440. Kwa uwiano wa 10:9, muda huo Nekesa anafika 396. Achieng bado anashinda, kwa mita 4! Wakiwa 40 kabla ya mstari, yaani Achieng amekimbia 400 na Nekesa 360, wako bega kwa bega, na kuanzia hapo mwenye kasi anatangulia. Ili wafike pamoja, Achieng akimbie 400 × 10 ÷ 9, karibu mita 444.4. Basi aanze mita 44.4 nyuma.

Swali likitaja sekunde, geuza uwiano: kasi ikiwa 10:9, muda wa kukimbia umbali mmoja ni 9:10. Achieng akitumia sekunde 72, Nekesa atatumia 80.

Mkishazoea, jaribuni mbio za kweli. Katika fainali ya mita 800 ya Olimpiki ya London 2012, David Rudisha alitumia dakika 1 na sekunde 40.91, Nijel Amos wa Botswana akamfuata kwa 1:41.73. Badilisheni ziwe sekunde 100.91 na 101.73. Rudisha anamaliza wakati Amos yuko 800 × 100.91 ÷ 101.73, karibu mita 793.6, kwa hiyo alimwacha kama mita 6.4. Nasema "kama" kwa sababu hesabu hizi zinamchukulia mkimbiaji kuwa na kasi ileile mwanzo hadi mwisho, na hakuna anayekimbia 800 hivyo. Kwenye mtihani, mwambie binti asihangaike na hilo.