Kabla hujafunga kamba ya hema

Wadogo zangu mliopata kibarua cha kiangazi cha kuchukua sampuli za udongo huku Manyoni na Itigi, hongereni. Nimelala hemani misimu mitatu, kila msimu kuanzia Juni mpaka Oktoba. Kazi yenyewe mtafundishwa kwa siku mbili. Kinachowashinda wengi ni usiku. Asiyelala vizuri, siku ya tano anaanza kukosea namba kwenye mifuko, na mfuko wenye namba isiyo yake ni afadhali usingechukuliwa kabisa.

Fikeni kambini jua likiwa bado juu. Msimu wangu wa kwanza gari lilitufikisha saa moja usiku, nikapigilia vigingi kwa mwanga wa tochi kwenye mchanga tifutifu. Upepo wa kipupwe huku hutoka mashariki, na mlango nilikuwa nimeuelekeza hukohuko. Saa nane usiku hema lilivimba, kigingi kimoja kikachomoka, kikafuata cha pili, nguzo ikatoboa turubai juu ya kichwa changu. Nilijikunyata ndani ya gari mpaka kukakucha.

Asubuhi mzee wa Kigogo aliyekuwa akituonyesha njia hakunisema hata neno. Alikata kipande cha mti urefu wa mkono, akafunga kamba katikati, akachimba shimo la kufika magotini, akakilaza humo kikiwa kimekingamana na kamba. Akafukia, akashindilia kwa kisigino, akaweka jiwe juu. "Haya, vuta mjukuu wangu." Nilivuta kwa mikono miwili, mguu nimeukita chini, hakikusogea. Tangu siku hiyo, penye mchanga sitegemei kigingi.

Msipige hema ndani ya korongo, hata kama mchanga wake ni laini na kuna kivuli. Mvua za kwanza zikinyesha mbali, maji yanakufikia wakati kwako hakuna hata wingu. Chini ya mgunga nako hapafai, miiba itatoboa sakafu ya hema na godoro. Kwa ajili ya miiba hiyohiyo nunueni katambuga, viatu vya matairi ya gari, kandambili hazifiki wiki.

Halafu kuna matembe, nyumba za udongo zenye paa bapa. Mtakuta tembe lililohamwa, kuta zimesimama, paa lipo, na baridi ya Julai, ambayo usiku hushuka hadi nyuzi 13 hivi, itawashawishi. Nawaomba sana msilale humo. Sakafu ya udongo ya nyumba kuukuu ni makao ya papasi, kupe wa ndani ya nyumba. Hutoka usiku, hunyonya damu kwa muda mfupi, hurudi kwenye nyufa, wala hushtuki. Homa yake hupanda siku chache, ikaacha ukadhani umepona, kisha ikarudi, na ni rahisi kuidhania malaria. Ukiugua ukiwa umewahi kulala mahali pa namna hiyo, mwambie daktari mapema. Inatibika, ila lazima ajue anatafuta nini.

Baridi hutokea chini, kwa hiyo blanketi la pili litandike, usijifunike. Jiko la mkaa lisiingie hemani hata kwa dakika kumi, hata zipu ikiwa wazi. Hewa yake ya sumu haina harufu, na aliyelala haamki kuikimbia.

Nguo za bluu na nyeusi ziacheni nyumbani, mbung'o huzifuata rangi hizo, vaeni kaki. Viatu kung'uteni kila asubuhi kwa sababu ya nge. Mabegi yawekeni juu ya chanja ya vijiti, mchwa hula boksi na turubai kwa usiku mmoja.

Maji ndiyo jambo la kuuliza kabla hamjapanda gari: yanaletwa na nani, kila baada ya siku ngapi, na madumu mangapi kwa kila mtu. Kampuni moja iliyotuajiri ilituahidi kila baada ya siku mbili. Safari moja tulikaa siku nne. Yaandikwe kwenye mkataba pamoja na posho. Yakishafika, funikeni madumu yote, maana Itigi ni nchi ya asali, na kiangazi nyuki huja kunywa popote panapovuja tone. Sisi tulikuwa tunawawekea sahani ya maji yenye mawe madogo ya kutua, hatua hamsini kutoka jikoni, kabla jua halijapanda. Siku mpishi aliyosahau, hakuna aliyekula mchana.